Bikoni Nne

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya upili huku Kitui Kusini. Siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 2018, shule zikiwa zimefungwa, niliingia upande wa Masongaleni, Kaunti ya Makueni, pamoja na askari sita na vijana kumi na wawili wa kukodi, tukabomoa nyumba za familia tatu. Nyumba hizo zilikuwa ndani ya shamba ambalo hatimiliki yake ilikuwa na jina langu. Amri ya mahakama sikuwa nayo. Nimewasikia wengi waliobomolewa wakitoa ushuhuda wao kanisani, redioni na mbele ya tume. Aliyebomoa sijapata kumsikia. Ndiyo maana nimeamua kusema.

Shamba lilikuwa ekari kumi. Nililinunua mwaka 2016 kwa mkopo wa Sacco. Wakati huo reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilikuwa inakaribia kukamilika, na barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilikuwa imeanza kutengenezwa. Sisi tunaokaa ng'ambo hii ya mto Athi tuliona Kibwezi imetusogelea mlangoni. Madalali walijaa sokoni, na kila wiki bei ya ekari ilitajwa kwa sauti ya juu zaidi. Nilifanya yote ambayo mnunuzi mwangalifu huambiwa afanye: sachi katika ofisi ya ardhi, mkataba kwa wakili, idhini ya bodi ya ardhi, malipo kupitia benki. Karatasi zote zilikuwa safi. Muuzaji alikuwa mtu wa Nairobi aliyegawiwa shamba hilo miaka ya tisini na hakuwahi kupanda hata mhindi mmoja.

"Lakini naona nyumba kule," nilimwambia dalali tulipokwenda kulitazama. Tulikuwa tumesimama barabarani, hatukuingia.

"Hao ni maskwota tu, mwalimu. Wewe ukishapata taitodi, wataondoka."

Nakiri kwamba jibu hilo lilinipa faraja. Neno "skwota" lina kazi yake katika nchi hii. Mtu akishaitwa hivyo, hakuna anayeuliza tena alizaliwa wapi, alifika lini, wala ni nani aliyemtoa huko alikotoka. Miaka miwili nilituma ujumbe kupitia mzee wa kijiji kwamba watoke. Hawakutoka. Mwanangu alikuwa anaingia chuo, mkopo wa Sacco ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na shamba nililolilipia lilikuwa linalimwa na wengine. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na sababu zake. Nikatafuta mtu anayejuana na mtu katika kituo cha polisi, nikalipa nilichoambiwa nilipe.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vijana walikuwa na mitaimbo. Mabati yaling'olewa kwanza, kisha kuta za udongo zikasukumwa, na kwa muda usiozidi saa moja na nusu nyumba tatu zilikuwa vifusi. Watoto walisimama kando, kila mmoja ameshika kitu: sufuria, kitabu, kuku. Hawakulia, na mpaka leo sielewi kwa nini. Lilipobomolewa ghala, mlikuwa na magunia manne ya ndengu yaliyokuwa yakingoja bei ipande. Vijana waliyabeba wakayapakia kwenye lori letu. Mkubwa wa askari aliona. Mimi pia niliona. Nikanyamaza.

Ndipo akaja mama mmoja mzee wa mojawapo ya nyumba zile, kitambaa cha kichwa kimemlegea, fimbo mkononi. Nilijiandaa kutukanwa. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, bikoni zako ziko wapi?"

Nilikuwa na ramani. Niliikunjua, nikaigeuza huku na huku, nikaenda hatua mia kuelekea mashariki, nikarudi. Nilitafuta karibu nusu saa, askari wakinitazama. Sikuona alama ya mpaka hata moja.

"Njoo, nikuonyeshe," akasema.

Akatangulia. Ya kwanza ilikuwa chini ya mgunga kando ya barabara, imezibwa na majani. Ya pili ilikuwa ukingoni mwa korongo, na juu yake palipangwa mawe ili maji ya mvua yasiifukue. Ya tatu ilikuwa imeanza kumezwa na kichuguu. Alikuwa akikibomoa kila mwaka kabla ya mvua ya Novemba. Ya nne ilikuwa ndani ya zizi lake la mbuzi, imezungushiwa vijiti vya miiba kama mche mchanga, ili mbuzi wasiisogeze. Mume wake, aliyekuwa ameshafariki, ndiye aliyewafyekea njia wapima ardhi miaka ya tisini. Walimlipa kwa siku. Hakuelezwa kwamba mstari anaoufyeka unalifanya shamba analolima kuwa la mtu wa Nairobi.

"Kwa nini hamkuzing'oa?" nilimuuliza.

"Bikoni haing'olewi, mwalimu. Tulijua mwenyewe atakuja siku moja. Tulidhani atakuja kuzungumza."

Siwezi kusema kwamba nilibadilika pale pale, maana si kweli. Niliwaambia vijana wapakie mitaimbo, tukaondoka, na njiani nilijaribu kujishawishi kwamba nimefanya haki yangu. Lakini usiku ule na usiku mwingi uliofuata, bikoni zile zilinikosesha usingizi. Mimi mwenye karatasi sikujua shamba langu linaanzia wapi na kuishia wapi. Yeye asiye na karatasi alikuwa amezilinda alama za umiliki wangu kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa anajua kwamba siku moja zitamwondoa.

Alikuwa ametoka wapi? Nilikuja kulijua hilo baadaye, na kwa mwalimu wa Historia ni aibu kwamba sikuuliza mapema.

Alikuwa ametoka Chyulu. Vilima vile vya volkano unavyoviona upande wa magharibi ukisafiri kutoka Mtito Andei kuelekea Kibwezi vilikuwa vimekaliwa na Wakamba wengi waliokosa ardhi huko juu Machakos, watu waliofuata mashamba mapya jinsi baba zetu walivyofanya siku zote. Kwa desturi yetu, weu ni nchi ya wote, mahali pa malisho pasipo mwenyewe. Anayeingia akafyeka na kulima, jasho lake huligeuza eneo lile kuwa ng'undu yake, na watoto wake hurithi. Serikali nayo ilikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1983 sehemu ya Chyulu ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Mvua inayonyesha juu ya vilima vile huzama katika mwamba na kutokeza mbali chini, kwenye chemchemi za Umani karibu na Kibwezi na za Mzima, na maji ya Mzima ndiyo yanayopelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Hoja hiyo siidharau. Msitu wa juu ukiisha, bomba la Mombasa litakauka. Lakini mwishoni mwa miaka ya themanini watu walipotolewa Chyulu, nyumba zilichomwa na mazao yakaachwa yakiwa bado mashambani. Baadhi walikuja kugawiwa viwanja katika skimu ya Masongaleni. Wengine majina yao hayakuonekana kwenye orodha. Mume wa yule mama alikuwa miongoni mwa wasioonekana. Mwaka 1991 waliingia katika pori lisilo na mtu, wakafyeka, wakangoja orodha nyingine. Pori hilo ndilo lililokuja kuwa ekari zangu kumi.

Alikuwa ameshabomolewa mara moja na serikali iliyosema inalinda maji. Mimi nikambomolea mara ya pili, nikisema ninalinda mali yangu.

Na mimi ni nani? Babu yangu alikuwa na kyengo, kituo cha ng'ombe, mbali kupita Mutha. Mwaka 1979 nchi ile ikawa Hifadhi ya Taifa ya Kitui Kusini. Tangu siku hiyo, kupeleka ng'ombe mahali alipowapeleka baba yake likawa kosa. Alikufa akiitaja miti ya kule mmoja mmoja. Darasani nilikuwa nikifundisha jinsi Muindi Mbingu alivyowaongoza Wakamba mwaka 1938 kutoka Machakos hadi Nairobi, kulalamikia ng'ombe waliochukuliwa kwa nguvu, mpaka akahamishwa akafungiwa Lamu. Wanafunzi walijua tarehe. Mimi nilijua tarehe. Agosti ile nilikuwa upande gani wa hadithi hiyo?

Mwezi wa Oktoba nililetewa karatasi za mahakama. Familia zile tatu zilikuwa zimesaidiwa na wakili wa kujitolea, zikaenda mahakama ya mazingira na ardhi zikidai kwamba zimekaa katika shamba lile wazi wazi, bila ruhusa ya mtu, kwa zaidi ya miaka 12. Nilikwenda kwa wakili wangu nikicheka. Yeye hakucheka.

Alinieleza jambo ambalo kila mnunuzi wa ardhi Kenya anapaswa kulijua kabla hajatoa shilingi. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, humpa mwenye shamba binafsi miaka 12 ya kumdai aliyeingia bila ruhusa. Akinyamaza mpaka muda huo upite, haki yake ya kulidai shamba hufa, na aliyekaa anaweza kuiomba mahakama imwandikishe. Kuuza shamba hakuurudishi muda huo mwanzo. Na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inasema wazi kwamba kuna haki ambazo hazikuandikwa katika rejista na bado humfunga mwenye hatimiliki. Hii ni mojawapo. Kwa hiyo sachi yangu safi haikuwa na thamani niliyoidhani. Sachi husoma rejista tu. Nilipaswa kwenda kulisoma shamba kwa miguu yangu.

"Mwalimu," wakili akaniambia, "hukununua shamba tu. Ulinunua na miaka yake."

Kisha akafungua sehemu nyingine, na hapo ndipo aibu yangu ilipokamilika. Tangu mwaka 2016, Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye shamba la binafsi ampe aliyekaa humo bila haki ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu, na mwenye kupewa ilani ana ruhusa ya kwenda mahakamani kuipinga. Siku ya kuondolewa, wanaoiendesha kazi hiyo wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi. Watu wakiwa kundi, maafisa wa serikali wawepo. Utu wa wanaoondolewa uheshimiwe, wanyonge wapewe uangalizi wa pekee, mali iliyobaki ilindwe isiibwe, na wenyewe wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa nyumba zao na kuokoa vitu vyao. Nilimsikiliza huku nikiyahesabu magunia manne ya ndengu.

Zingatia kwamba sheria hiyo haimnyang'anyi mwenye mali haki yake. Anayekaa bila haki yoyote ataondolewa. Kinachokatazwa ni kumwondoa kama mnyama, alfajiri, kwa maelewano ya kichinichini na askari.

Nilipoanza kuyasema haya, wenzangu walinipinga vikali, na sitaki kuwafanya waonekane watu wabaya. Mmoja wao, rafiki yangu wa miaka mingi, aliniambia katika chumba cha walimu: "Nikikufuata wewe, basi kila mtu akavamie shamba la mwenzake, aketi miaka 12, alichukue." Ana hoja. Mwalimu wa Kenya hununua ekari moja kwa jasho la nusu ya maisha yake. Wapo maskwota wa biashara, wanaopangwa na matajiri ndani ya shamba lenye kesi ili bei ianguke. Wapo wajane waliodhulumiwa ardhi kwa njia hiyo hiyo ya kukaliwa. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali, na sitaki kifutwe. Mimi mwenyewe ninakitegemea.

Lakini kifungu hicho hicho kinasema ulinzi huo haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na Mahakama ya Juu ilisisitiza Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kwamba hatimiliki haitoshi ikiwa mzizi wake ni mbovu. Kifungu cha 43 nacho kinatoa haki ya makazi. Kabla ya kesi ya Dina, Januari 2021, Mahakama ya Juu hiyo hiyo iliamua kesi ya watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliobomolewa Novemba 2011. Ilisema kwamba hata wanaokaa katika ardhi ya umma bila hati wanaweza kuwa na haki ya makazi inayostahili kulindwa, ijapokuwa hawawi wenye ardhi. Rafiki yangu anaona hapo mwanzo wa vurugu. Mimi naona nchi inayojaribu, kwa kuchelewa sana, kuamua nini kifanywe na watu ambao nchi yenyewe iliwatoa mahali fulani na haikuwapeleka popote.

Oktoba 2023 mabishano yetu yalinyamaza kwa wiki nzima. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba maelfu ya ekari huko Mavoko, katika Kaunti jirani ya Machakos, ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na matingatinga yakaingia. Tuliona kwenye televisheni nyumba za ghorofa zikianguka. Waliokuwa ndani hawakuwa wa nyumba za udongo. Walikuwa watu kama sisi: wafanyakazi wa mshahara, wenye mikopo, wenye karatasi walizouziwa wakiamini ni za kweli. Siku hizo hakuna mwalimu hata mmoja katika chumba chetu aliyetamka neno skwota.

Kesi yangu haikufika hukumu. Katiba inazitaka mahakama zihimize usuluhishi wa kienyeji, na jaji akatupa muda. Tulikaa na wazee mara tano chini ya mwembe. Kuna aliyetaka tule kithitu, kiapo chetu cha zamani. Yule mama akakataa, akasema hakuna anayebishania ukweli, kwa hiyo kiapo cha nini? Mwishowe tuligawana: ekari tano zao, tano zangu, gharama za mpima ardhi juu yangu. Makubaliano yaliandikwa mahakamani na hatimiliki mpya zikatoka 2022. Siku wapima walipokuja kuweka bikoni za kati, yeye ndiye aliyewaonyesha zile nne za zamani.

Niliomba msamaha mbele ya watu wa kijiji, nikiwa nimesimama mahali ghala lilipokuwa. Nilimwita mwaitu, mama yetu, kama ninavyomwita aliyenizaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sina haki ya kumharakisha.

Nawaomba jambo moja wale wanaotafuta shamba Kibwezi, Ikutha, Mtito Andei au kokote kule. Ukimaliza sachi ya ofisini, nenda ukakae shambani siku mbili. Ingia mpaka kwenye nyumba, usisimame barabarani. Waulize walio humo walifika lini na walitoka wapi, na umtafute mtu aliyekuwepo bikoni zilipozikwa. Ukiambiwa ni maskwota tu, usilipe bado. Na ikiwa kweli huna budi kuwaondoa, toa ilani ya miezi mitatu, nenda mahakamani, na uwaache wang'oe mabati yao kwa mikono yao wenyewe. Kwa walio serikalini: wapo watu waliotoka Chyulu ambao hadi leo majina yao hayako katika orodha yoyote. Wazee wao wanakufa. Waandikeni.

Magunia manne ya ndengu tuliafikiana niyalipe kwa mazao ya shamba langu, si kwa pesa. Nimelipa mawili. La tatu nitalipeleka mwezi wa Februari, mavuno yakiwa mazuri.